Udongo wa Kilwa na joto la miaka milioni 50: modeli ya tabianchi inapimwaje kwa enzi ambayo hakuna aliyekuwa na kipimajoto?

#1 Mwambao_Kusini
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia wilayani Kilwa. Wiki iliyopita niliwatoa kidato cha tatu nje, tukasimama kando ya barabara pale kilima kilipochongwa kupisha lami. Udongo wa pale ni mfinyanzi wa kijivu unaoelekea kijani. Ukikauka unapasuka vipande kama sabuni ya mche, ukilowa unanata mpaka viatu vinakuwa vizito. Nikawaambia kwamba haya yalikuwa matope ya sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba watafiti wanayatumia kupima kama modeli za tabianchi zinasema kweli. Binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, wakati huo nani alikuwa na kipimajoto?"

Nilimjibu juujuu, na jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile. Modeli ni hesabu za kompyuta. Joto la kale nalo ni la kukadiria. Ukipima makadirio kwa makadirio umepima nini? Kwa ninavyoona mpaka sasa, ni mtu kujisahihishia mtihani wake mwenyewe. Anayejua anieleze kwa maneno nitakayoweza kuyapeleka darasani Jumatatu.

#2 Tumbatu_Mtulivu
Mada nzito hii. Nimekaa mkekani, nangoja wajuzi.

#3 Fundi_Kore
Mwalimu, mimi nilikuwepo. Miaka ya 2000 na kitu, kiangazi, walikuja watu wa Mradi wa Uchorongaji Tanzania wakishirikiana na TPDC, shirika letu la mafuta ya petroli, nikapata kibarua cha kubeba maji ya mtambo. Bomba likipandishwa unatoka mche mzima wa udongo, wenyewe wanauita kore. Wanaukwangua kwa kisu, wanaulaza kwenye kisanduku chenye mifereji, wanachora mshale kuonyesha upande wa chini. Aliyekuwa akichora mishale alikuwa mkali kuliko msimamizi. Ukigeuza kipande kimoja, umepindua maelfu ya miaka.

Jioni walichukua kipande kama andazi, wakakiloweka kwenye ndoo, kikilainika wanakipitisha kwenye chekecheo laini kwa maji mengi mpaka matope yote yaende. Kinachobaki hakijazi kijiko cha chai. Siku moja wakaniita nichungulie kwenye darubini. Nilidhani nitaona mchanga. Niliona viduara vilivyoshikamana kama punje za mtama, vinang'aa, unaona hadi ndani kama kioo cha chemli. Wakaniambia ni viumbe vilivyokuwa vikielea karibu na uso wa bahari, na kila kimoja kimehifadhi joto la maji kilimoishi.

Kwa hiyo binti mwambie vipimajoto vilikuwepo. Vilikuwa vinaelea baharini.

#4 Bi_Mashapo
Fundi kasema kweli tupu, mimi naongezea tu. Viumbe hivyo vinaitwa foraminifera. Vinajenga gamba la chokaa, na oksijeni ya chokaa hiyo hutoka kwenye maji yaliyovizunguka. Kuna oksijeni nyepesi, 16, na nzito, 18. Maji yakiwa baridi gamba linabeba nzito zaidi, yakiwa ya joto inapungua. Harold Urey alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1947, na Cesare Emiliani akalitumia kwenye mashapo ya bahari kuu mwaka 1955.

Sasa kisa cha Kilwa chenyewe. Eosini ni kipindi cha kati ya miaka milioni 56 na 34 iliyopita. Kwa muda mrefu, magamba yaliyotolewa chini ya bahari kuu za tropiki yalionyesha kwamba maji ya huko hayakuwa na joto kubwa kuliko leo, na mengine yalisema yalikuwa baridi zaidi, ilhali ncha za dunia zilikuwa na joto la ajabu. Modeli zilikataa picha hiyo. Ukiongeza hewa ukaa ya kutosha kuyeyusha ncha, na tropiki nayo inapanda. Wengi wakasema modeli ndizo mbovu.

Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa TPDC, wakachapisha katika jarida la Nature vipimo vya magamba masafi kama kioo, yakiwemo ya pwani yetu hii: nyuzijoto 28 hadi 32 kwa uchache. Kumbe yale ya bahari kuu yalikuwa yameharibika. Gamba lilijengwa juu kwenye joto, likazama kwenye sakafu ya baridi, na huko chokaa yake ikajiunda upya taratibu ikachukua alama ya maji ya chini. Ni kama kanga nyeupe iliyofuliwa pamoja na nguo inayochuja rangi. Ukiikuta kabatini unaapa ilinunuliwa ya buluu. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba yake yalifungiwa humo yakabaki yalivyokuwa.

Mwalimu, ulisema ni mtu kujisahihishia. Hapa mtihani ulifanyika na kilichoanguka ni kipimo. Modeli ilikuwa sahihi zaidi kuliko ushahidi uliokuwa ukitumika kuikosoa.

#5 Nyundo_ya_Hoja
Bi Mashapo nakuheshimu, lakini hujajibu. Mtu mwingine atasema mlichekecha udongo mpaka mkapata magamba yanayokubaliana na modeli, mkaacha hapo. Halafu kuna jingine. Hewa ukaa ya wakati huo mmeijuaje? Kama mmeitoa kwenye joto, basi jibu mmelitia ndani ya swali.

#6 Namba_Usiku
Nipo Ujerumani, nasoma, na kazi yangu ya kila siku ni kuendesha modeli hizi. Nyundo, swali lako ndilo wakaguzi wa makala huuliza kwanza.

Kinachoingia kwenye modeli ni ramani ya mabara ya wakati ule (Kilwa ilikuwa kusini zaidi ya ilipo leo, kama nyuzi 19 za latitudo), milima, kina cha bahari, mimea, Antaktika bila barafu, na kiwango cha hewa ukaa. Joto la magamba haliingii. Linawekwa pembeni mpaka modeli imalize. Ikimaliza ndipo unafungua kabati na kulinganisha.

Hewa ukaa nayo ina njia zake. Ya karibu na nyumbani ni boroni. Maji ya bahari yakinywa hewa ukaa nyingi yanabadilika uchachu, na aina za boroni zinazoingia kwenye gamba hubadilika. Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walifanya kazi hiyo kwa magamba ya Tanzania, ikatoka mwaka 2009, wakafuatilia hewa ukaa ilivyobadilika wakati barafu ya Antaktika inaanza kujijenga, kama miaka milioni 34 iliyopita. Wengine huhesabu vinyweleo vya hewa kwenye majani ya visukuku, wengine husoma mafuta ya mwani. Njia hizi hazikubaliani kila mara, lakini hazikutoka tumbo moja.

Na si kazi ya siku mbili. Bahari ya kina hupata joto polepole mno, kwa hiyo unaiacha modeli iende maelfu ya miaka ya kwake. Kwenye kompyuta kubwa hiyo ni miezi.

#7 Nyundo_ya_Hoja
Boroni nimeikubali nusu. Sasa nijibuni hili. Dunia ilifika huko bila gari hata moja wala kiwanda. Kwa nini leo tunaambiwa ni sisi?

#8 Chumvi_ya_Pangani
Hakuna anayekataa kwamba ilifika yenyewe, mkuu. Tazama mwendo. Kuna joto la ghafla la mpaka wa Paleosini na Eosini, kwa kifupi PETM, miaka milioni 56 iliyopita. James Kennett na Lowell Stott waliliona mwaka 1991 kwenye mashapo ya karibu na Antaktika. Dunia ilipanda kama nyuzi 5 au 6, kaboni ikamwagika hewani ndani ya miaka mia tano hivi, na viumbe vingi vya sakafu ya bahari vikafa.

#9 Bi_Mashapo
Chumvi, nasahihisha: si miaka mia tano. Richard Zeebe na wenzake mwaka 2016 walikadiria umwagikaji wa mwanzo ulichukua si chini ya miaka 4,000, na haukuzidi tani bilioni 1.1 za kaboni kwa mwaka. Leo tunatoa karibu tani bilioni 10 kwa mwaka. Kwa hiyo hoja yako inazidi kupata nguvu, ila namba ilikuwa imeteleza. Na tabaka la PETM lipo kwetu pia, lilipatikana kwenye kisima namba 14 cha mradi ule aliofanyia kazi Fundi.

#10 Fundi_Kore
Namba 14! Sikujua kama kilikuwa na jina kubwa hivyo. Sisi vibarua tulikuwa tunavijua kwa wingi wa mbung'o tu.

#11 Shamba_Same
Nawasikiliza kwa heshima zote. Mimi nalima mahindi na maharage, mvua yangu ni ya masika na vuli. Nimekaa kwenye semina zaidi ya moja nikaambiwa modeli zinaonyesha masika yataongezeka. Miaka mingi ninayoikumbuka masika yanachelewa kuingia na kuwahi kuondoka. Mwaka juzi nilipanda mara mbili, mbegu za kwanza zikaoza, za pili zikaungua. Modeli hiyo hiyo mnayoisifu kwa kufaulu mtihani wa Kilwa imenikosesha chakula. Naomba mlizungumze hilo nalo.

#12 Namba_Usiku
Mzee Shamba, pole sana, na umegusa donda lenyewe. Wanaliita kitendawili cha mvua za Afrika Mashariki. Modeli nyingi zinasema masika yataongezeka kadiri dunia inavyopata joto, ilhali vipimo vya kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha yakipungua. Wapo wanaosema ni mzunguko wa asili wa bahari, wapo wanaosema modeli hazijui joto la Bahari ya Hindi na ya Pasifiki linavyogawanyika, wapo wanaolaumu milima yetu kuonekana kama matuta tu kwenye modeli. Mimi naona hilo la tatu lina uzito wake, lakini sina ugomvi na mtu.

Vipindi vya kale vinapima vizuri joto la wastani la dunia. Mvua ya Same ni mtihani mwingine kabisa. Hata hivyo udongo wa Kilwa umesema neno kuhusu mvua. Luke Handley na wenzake walisoma nta za majani ya kale zilizonaswa kwenye tabaka la PETM. Hidrojeni ya nta ilionyesha ukavu, na wakati huohuo mashapo kutoka nchi kavu yaliongezeka sana. Walivyolielewa ni kwamba kwa ujumla nchi ilikauka, lakini mvua zilipokuja zilikuja kwa kishindo na kuzoa udongo.

#13 Shamba_Same
Ukame, kisha mvua ya kishindo inazoa udongo. Hiyo ndiyo ninayoijua. Ahsante kwa kutonizungusha.

#14 Kando_ya_Turkana
Nawasalimu kutoka Lodwar. Mbona mnatafuta mbali? Hapa kwetu ukitembea mbali na ziwa, mahali hakuna tone la maji, unakanyaga kombe na mifupa ya samaki. Fukwe za kale za Ziwa Turkana ziko juu kama mita 80 kuliko maji yalivyo sasa, na watu wa wakati huo waliacha vyusa vya mfupa walivyovulia. Miaka 9,000 hivi iliyopita ziwa lilikuwa likifurika hadi kumwagikia upande wa Naili. Sahara nayo ilikuwa nyasi na viboko. Hicho si kipindi cha joto cha kupimia modeli?

#15 Bi_Mashapo
Ni kipimo, tena kizuri, ila si cha joto la hewa ukaa. Wakati huo hewa ukaa ilikuwa chini, kama chembe 260 katika kila chembe milioni za hewa. Kilichobadilika ni mkao wa dunia: kiangazi cha nusu ya kaskazini kilipata jua kali zaidi, likazivuta mvua kwenda kaskazini. Modeli zimepimwa kwa kipindi cha miaka 6,000 iliyopita tangu miaka ya 1990, na nyingi zinashindwa kuifikisha mvua ndani ya Sahara kwa kiasi ambacho ushahidi unadai.

#16 Chumvi_ya_Pangani
Kwa nini zinashindwa? Nilisoma kwamba ni mimea. Ukilazimisha Sahara iwe na nyasi ndani ya modeli na ukapunguza vumbi, mvua inapanda sana. Francesco Pausata na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2016.

#17 Nyundo_ya_Hoja
Kwa hiyo ili modeli ipate mvua, lazima uipe nyasi. Na nyasi zinatokana na mvua. Sasa nani kamtangulia mwenzake?

#18 Kando_ya_Turkana
Mzee Nyundo, hapa kwetu mbuzi hawaulizi hilo. Mvua ikinyesha nyasi inatoka, nyasi ikiwepo udongo unashika maji, siku ya pili kuna umande. Vinatembea pamoja. Kama modeli haiwezi kuvitembeza pamoja, hapo ndipo pana kazi.

#19 Zinj_Mdogo
Hakuna aliyetaja Pliosini, enzi ya miaka kama milioni tatu iliyopita, na ndiyo inayofanana na leo kuliko zote. Hewa ukaa ilikuwa karibu 400 kwa milioni kama sasa, mabara yamekaa yalipo leo, dunia ina joto la nyuzi 2.5 hadi 4 zaidi ya kabla ya viwanda, na bahari iko juu kwa mita 5 hadi 25. Fikirieni: wale waliotembea Laetoli na kuacha nyayo kwenye majivu ya volkano walikuwa wanavuta hewa hiyo hiyo inayotumika kupima modeli. Nyayo zetu wenyewe, Tanzania!

#20 Mwongoza_Njia
Zinj, natembeza wageni kaskazini huku, nyayo hizo nazijua. Ni za miaka milioni 3.66 iliyopita. Dirisha wanalolitumia watu wa modeli ni la kati ya milioni 3.3 na 3.0. Ni Pliosini ileile, lakini waliotembea Laetoli walitangulia dirisha hilo kwa zaidi ya miaka laki tatu. Ukitaka jirani aliyeishi ndani yake, mtaje Lucy wa Hadar, Ethiopia, miaka milioni 3.2.

#21 Zinj_Mdogo
Nimekubali, mkuu. Laki tatu nilizimeza kwa mkupuo.

#22 Tumbatu_Mtulivu
Nimetoka mkekani. Huko Cerrejón, Kolombia, kwenye mgodi wa makaa, walipata nyoka wa jamii ya chatu mwenye urefu wa kama mita 13, Titanoboa, aliyeishi miaka kama milioni 58 hadi 60 iliyopita. Mwaka 2009 walitumia ukubwa wake kukadiria joto la pale, kwa kuwa nyoka hajitengenezei joto, na mkubwa namna hiyo anahitaji mahali pa nyuzi 30 na kuendelea kwa wastani wa mwaka. Fundi, kwenye ndoo yenu hamkupata uti wa mgongo?

#23 Fundi_Kore
Tungempata, ningeacha ndoo na mshahara hapohapo.

#24 Bi_Mashapo
Nyoka yule amebishaniwa sana, Tumbatu. Wengine walisema huwezi kuchukua kanuni ya nyoka wa leo ukamvisha wa kale. Mimi nabaki na foraminifera wangu.

#25 Namba_Usiku
Nilikuwa nangoja tufike hapa, maana mwalimu anastahili kuusikia na upande wa pili wa kisa. Kule #4 kipimo ndicho kilichoanguka. Kuna mwaka modeli ilianguka.

Kuna modeli ya Marekani inaitwa CESM. Toleo lake la 1.2 lilipopewa Eosini lilifanya vizuri kuliko nyingi zilizolitangulia: tropiki ikawa na joto la kuaminika, ncha nazo zikapanda, na yote kwa hewa ukaa isiyovuka mipaka. Jiang Zhu, Christopher Poulsen na Jessica Tierney walilichapisha hilo mwaka 2019. Sababu kubwa ilikuwa mawingu. Katika dunia yenye joto modeli hiyo ilipunguza mawingu ya chini yanayorudisha mwanga wa jua angani, kwa hiyo joto likazaa joto.

Likaja toleo la pili, CESM2, jipya, lenye fizikia ya mawingu iliyoongezwa mengi. Kwa miaka ya karne ya 20 lilifuata vipimo vizuri tu. Lakini ukiuliza dunia itapanda kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu, lilijibu zaidi ya nyuzi 5, wakati ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inaona jibu linaloelekea kuwa kweli lipo kati ya 2.5 na 4, na makadirio bora ni 3. Nani yuko sahihi? Karne ya 20 haikuweza kuamua. Wakalipima kwa Eosini. Kwa hewa ukaa mara tatu tu ya ile ya kabla ya viwanda, nchi kavu za tropiki zikapita nyuzi 55, joto ambalo mimea haistahimili, na tunajua kulikuwa na misitu. Wakalipeleka upande wa pili, kwenye zama za barafu za miaka 21,000 iliyopita. Likapoza dunia kwa kama nyuzi 11, wakati ushahidi unasema kama 6.

Wakaingia ndani ya msimbo kutafuta. Ilionekana kuna kikomo kilichowekwa kwenye idadi ya chembe za barafu ndani ya mawingu ambacho hakikufaa, na hatua za muda za kukokotoa mawingu zilikuwa ndefu mno. Waliporekebisha, jibu la hewa ukaa maradufu lilishuka hadi karibu 4.

Mstari huo wa msimbo ungeweza kukaa humo miaka mingi bila mtu kuushuku. Nilipousoma utafiti huo niliacha kazi nikatoka nje kutembea. Hesabu ya leo imesahihishwa na misitu na magamba ya miaka milioni 50.

#26 Nyundo_ya_Hoja
Sasa hapo ndugu yangu umenipa kitu. Kwa hiyo mtihani unafelisha. Huo ndio ushahidi niliokuwa nautaka tangu #5. Ila nina neno: ile iliyofaulu, 1.2, ilifaulu kwa sababu sahihi, au ilibahatisha? Mwanafunzi anaweza kupata jibu la hesabu kwa njia mbovu.

#27 Chumvi_ya_Pangani
Ndipo ubishi ulipo mpaka leo. Modeli za zamani zilishindwa kupasha ncha bila kuunguza tropiki. Matthew Huber na Rodrigo Caballero mwaka 2011 walilazimika kupandisha hewa ukaa hadi 4,480 kwa milioni ili wafanane na ushahidi. IPCC inaweka Eosini ya mwanzo kati ya 1,150 na 2,500. Kwa hiyo kuna kitu kingine kilichosaidia, na mimi nasimama na mawingu. Jeffrey Kiehl na Christine Shields mwaka 2013 walibadilisha matone ya mawingu yawe makubwa na machache, kwa hoja kwamba hewa ya zamani haikuwa na moshi wa viwanda, na ncha zikapata joto bila hewa ukaa kupita kiasi.

#28 Bi_Mashapo
Mawingu ni sehemu tu. Mnasahau methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Dunia ile ilijaa vinamasi mpaka karibu na ncha, na vinamasi vinatoa methani. Methani ya kale haiachi alama kwenye gamba, kwa hiyo modeli nyingi zinaikisia au zinaiacha kama ilivyokuwa kabla ya viwanda.

#29 Namba_Usiku
Na mimi naelekea kwenye milango ya bahari. Nilipokuwa naandaa ramani yangu ya kwanza ya Eosini niliziba mlango mmoja mwembamba wa bahari upande wa kaskazini. Visanduku viwili tu kati ya vile ambavyo modeli inaigawa ramani. Baada ya miaka elfu moja ya modeli, chumvi ya Bahari ya Aktiki ilikuwa imebadilika kabisa na mkondo umehama. Nikaanza upya, miezi mitatu ilipotea. Tangu hapo siamini ramani ya mtu yeyote ya miaka milioni 50 kwa asilimia mia, hata yangu.

#30 Nyundo_ya_Hoja
Na kama tatizo ni ushahidi wenyewe tena? Kule tropiki mlidanganywa na magamba. Huko ncha mnajuaje hamdanganywi kinyume? Labda vile viumbe vilikuwa vinaishi miezi ya kiangazi tu, mkasoma joto la Julai mkaliita la mwaka mzima.

#31 Bi_Mashapo
Nyundo, hoja hiyo ipo na inachukuliwa kwa uzito. Inaweza kupunguza nyuzi kadhaa. Lakini kisiwa cha Ellesmere, Kanada ya kaskazini kabisa, Mary Dawson na Robert West walianza mwaka 1975 kupata visukuku vya jamii ya mamba na kobe. Mamba hakuondoka kwenda kusini kila majira ya baridi akarudi. Alikaa na giza la miezi, na maji hayakuganda. Kiangazi peke yake hakimtoshi.

#32 Forodhani_Jioni
Nipo Unguja. Nimesoma uzi wote kwa simu, chai imepoa. Kuna kipindi kimoja cha karibu mmekiruka, kile cha kati ya miaka 129,000 na 116,000 iliyopita. Joto lilizidi la kabla ya viwanda kwa nusu nyuzi hadi moja na nusu tu, na bahari ikapanda mita 5 hadi 10. Pwani yetu imejengwa juu ya miamba ya matumbawe iliyokufa, na kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe. Mtu akisema nyuzi moja si kitu, mimi natazama ngazi za baraza yetu na maji ya bamvua yanapofika.

#33 Chumvi_ya_Pangani
Kipindi hicho kimepimiwa modeli za barafu zaidi kuliko za hewa, maana joto lake lilitokana na mkao wa dunia, kama ule wa Turkana. Bado wanabishana barafu ipi iliyeyuka kwanza, ya Greenland au ya Antaktika magharibi.

#34 Mwambao_Kusini
Nimewasoma nyote, wengine mara mbili. Bi Mashapo, mfano wa kanga nauchukua kama ulivyo. Namba_Usiku, kile kisa cha kikomo cha mawingu nitakiandika ubaoni pamoja na kile cha #4, kimoja upande huu kingine upande ule, na suala la mawingu, methani na milango nitawaachia wabishane wenyewe. Nyundo, ungekuwa darasani kwangu ningekuweka dawati la mbele. Shamba_Same, na la kwako nitawaambia.

Nataka sasa binti yule avione mwenyewe. Maabara yetu ina darubini moja inayofanya kazi. Fundi, chekecheo lilikuwa la aina gani? Nyumbani nina la unga.

#35 Fundi_Kore
La unga halifai, mwalimu, matundu makubwa, vyote vitapita viende na matope. Lile la kwao lilikuwa la waya, matundu ya mikroni 63, huwezi kuyaona kwa macho mpaka ulinyanyue kwenye mwanga. Ulizia kwa watu wa maabara za udongo za barabara, wanayo, huenda wakakuazima. Loweka kipande usiku kucha, usikivunje kwa vidole, na maji ya mwisho yawe masafi. Kabla ya kuchimba muone mtendaji wa kijiji, umweleze ni kwa ajili ya shule. Na andika kwenye karatasi kipande umekitoa usawa gani wa ukuta, na mshale kuelekea chini.